Jiko lisilopikiwa: Fundi vioo wa Kasulu na darubini anayoitaka yeye mwenyewe

Saa tatu asubuhi mji wa Kasulu bado umejifunika ukungu, na Kipriani Niyibizi anazunguka pipa.

Ni pipa la mafuta la kawaida, limejazwa mchanga lisitikisike. Juu yake amekaza kwa kabari za mbao kipande cha kioo cha mviringo, kilichopakwa utomvu mweusi na kukatwakatwa miraba kama kashata. Juu ya utomvu huo amelaza kioo kingine, kinene, upana wa sahani ya pilau. Viganja vyake viwili vimekilalia. Anasukuma, anavuta, anakigeuza kidogo, anapiga hatua moja kando. Anasukuma tena.

Maji mekundu yanachuruzika ubavuni mwa pipa. Ni unga wa kung'arishia uliolowekwa, na umeshapaka rangi suruali yake, ndala zake na mbwa wa jirani anayependa kulala pale chini.

Wageni wanaopita njia ya kwenda Titye hudhani mzee anasaga dawa. Wenyeji hawageuzi hata shingo. Wameshazoea.

"Ukisimama sehemu moja kioo kinakwenda upande," anasema bila kusimama. "Lazima uzunguke. Mimi kwa hatua nilizotembea hapa, ningekuwa nimenyoosha barabarani, ningeshafika Bujumbura nikarudi, nikaenda tena."

Anasema hivyo bila kucheka. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na kila baada ya mizunguko michache analinyoosha huku akikunja uso. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na leo anaonekana kuwa na zaidi.

Kazi inayomlisha ni vioo vya madirisha. Anakata, anapima, anafunga, kuanzia maduka ya Kasulu hadi ofisi za mashirika kule Nduta, wilayani Kibondo. Siku yenye kazi anaweza kurudi na shilingi elfu ishirini. Siku zisizo na kazi ni nyingi kuliko zenye kazi, na hizo ndizo za pipa.

Darubini anazotengeneza si zile za kushika mkononi za kutazamia wanyama. Ni bomba pana lenye kioo kilichobonyea kikiwa kimelala chini kabisa. Mwanga wa nyota unaingia kwa juu, unagonga kioo, unarudi ukijikusanya, kisha kioo kidogo kilichoinama kinaupeleka pembeni kwenye jicho la mtazamaji. Bomba anaweza kulitengeneza seremala yeyote. Kazi iko kwenye ule ubonyeo. Ukikosea kidogo tu, kosa ambalo mbele yake unywele ni gogo, nyota inageuka ukungu.

Ameshatengeneza kadhaa. Moja iko sekondari fulani ya Kibondo, ambako wanafunzi wanaitumia kutazama milima ya mwezini. Nyingine anayo Badru Shamsi, muuza vitambaa karibu na soko, anayeipandisha juu ya paa la duka kila mwezi mwandamo unapotafutwa, na watu wa msikitini hupanga foleni kwenye ngazi.

Yeye mwenyewe hana hata moja. Mganga hajigangi, na Kipriani hajawahi kubaki na darubini zaidi ya wiki chache za kuijaribu.

Kilicho juu ya pipa asubuhi hii ni cha kwake. Ni kioo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusaga, alichokikata kutoka kaunta ya zamani ya duka la Badru. Huu ni mwaka wa tatu anakisaga, na anashindana na kitu ambacho hakijui huruma.

Kitu hicho ni jicho lake.

"Daktari wa macho aliniambia ni presha ya macho," anasema, na sasa amesimama. "La kulia limeshakwenda. Naona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. La kushoto linafuata taratibu. Akanipa dawa ya matone, akasema hiyo ni ya kuchelewesha. Kurudisha hairudishi."

Anasema maneno hayo kama mtu aliyekwisha kuyarudia mara nyingi, na anayachukia kila mara.

Lakini kwa nini kioo kikubwa hivyo? Kwa nini asichukue kidogo, akimalize, atazame akiwa bado anaona? Ili kujibu, Kipriani anaanzia mbali.

Alivuka mpaka kutoka Burundi kwa Manyovu akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka ule wa mauaji wa sabini na mbili ambao waliouona hawapendi kuusimulia. Alikulia Titye, akalima, akajifunza kukata vioo, na miaka mingi baadaye akapewa uraia. Katika miaka ya tisini aliitwa kuweka vioo kwenye zahanati ya kambi moja ya wakimbizi. Huko akakutana na Reverien Nsabimana, mkimbizi aliyekuwa akisaga vioo vya miwani Bujumbura kabla ya vita.

Reverien alikuwa na darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Jioni moja akamwonyesha Kipriani kidoa cheupe kilichokuwa chini angani upande wa kusini, ambacho kwa macho matupu ni kama tone la maziwa lililokauka.

"Nikamwambia, naona unga. Akanijibu, si unga huo. Huo ni ulezi. Kila punje ni jua lake. Kioo chako kikiwa kidogo unaona unga. Kikiwa kikubwa, na ukikisaga vizuri, utaona ulezi punje kwa punje." Kipriani anakigusa kioo ukingoni. "Hakuwahi kuniongopea yule mtu."

Reverien alirudi kwao kambi ilipofungwa, na baadaye habari za kifo chake zikafika kwa mdomo wa dereva wa lori. Aliacha ufundi wake kwa Kipriani, na deni la ulezi ambao mwanafunzi wake hajauona hadi leo.

Badru anaijua hadithi hiyo na imemchosha.

"Nilimwambia, Mzee Kipriani, ichukue hii darubini yako, kaa nayo, angalia utakacho, ukitosheka utanirudishia," anasema Badru akiwa nyuma ya majora ya vitenge. "Akanijibu eti kilichouzwa kimeuzwa. Yule mzee ana kiburi cha watu wapole. Hicho ndicho kibaya zaidi."

Kipriani anapoambiwa maneno hayo anatikisa kichwa. "Si kiburi. Ile ya Badru naijua, niliisaga mimi. Ndani yake ulezi ni unga."

Basi kioo hicho kikubwa kingekuwa kimekwisha zamani. Kilipaswa kuisha masika ya mwaka juzi, jicho la kushoto likiwa bado zima. Hakikuisha kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa limekaa jikoni.

Jiko la Esteri, mke wa Kipriani, ambaye mumewe humwita Mama Moses kwa jina la mtoto wao, ni kibanda cha tofali za udongo nyuma ya nyumba. Halina dirisha. Kuta zake zimekolea masizi kiasi kwamba hata adhuhuri ukiingia unapapasa. Kwa mtu anayetafuta giza mchana kweupe, Kasulu nzima hakuna chumba bora.

Na Kipriani analihitaji giza hilo. Kioo hupimwa kwa tochi na wembe. Tochi imezibwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikatobolewa kwa ncha ya sindano. Mwanga mwembamba unakwenda hadi kwenye kioo kilichoegeshwa ukutani, unarudi, na pale unapojikusanya kuna wembe uliofungwa kwenye kibao chenye boliti. Fundi anaweka jicho nyuma ya wembe, anazungusha boliti taratibu. Wembe ukianza kuukata mwanga, uso wa kioo unageuka kuwa nchi. Vilima na mabonde ambayo kidole hakiwezi kuyahisi yanajitokeza kwa vivuli, kama milima ya Heru jua likiwa linazama.

Kioo kilichokamilika huonyesha umbo moja tu, duara lililotuna lenye bonde katikati. Reverien aliliita ingata, ile kata ya majani ya migomba ambayo akina mama wa huku huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Jina likabaki hilo. Ukiona ingata, umemaliza.

Kioo kikubwa kinataka nafasi ndefu kati yake na wembe, na jiko lilikuwa fupi. Kipriani akabomoa ukuta wa nyuma, akalirefusha. Majirani wakamsifu sana kwa kumjengea mkewe jiko la kisasa. Esteri naye akaringa, wiki mbili tatu hivi, hadi alipoona tochi na wembe vinaingia.

"Nikajua sina jiko, nina ofisi ya mtu," anasema Esteri, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anayepukuchua mahindi bila kutazama mikono yake.

Wakapatana. Asubuhi yeye anapika maharage, alasiri mume wake anapima. Alasiri jiko huwa kimya, hakuna mwali wala moshi.

Lakini moto ulikuwepo. Katika jiko la Esteri moto haukuwa ukizimwa. Makaa yalifukiwa chini ya majivu katikati ya mafiga, jioni yakafukuliwa na kupulizwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alivyofundishwa na wa kwake. "Mama alikuwa akisema jiko likilala bila moto, basi ni nyumba ya msiba," anaeleza. "Toka nimeolewa moto wangu ulikuwa haujawahi kufa."

Kipriani alikuwa ameishi na moto huo maisha yake yote ya ndoa, na ndiyo maana hakuuona. Joto lililofichwa chini ya majivu lilikuwa likipanda kimyakimya mbele ya kioo, na kioo chenyewe, kikitoka juani kwenye pipa, kilipoa pembeni na kubaki na uvuguvugu katikati. Kila alipopima aliona kilima katikati. Akatoka nje, akakisaga kilima. Akarudi, kilima kipo. Akakisaga tena.

"Mwaka mzima na ushee," anasema.

Kisha mama yake Esteri akafariki, huko Kibondo. Esteri akaenda kwenye msiba, akakaa kuwafariji wadogo zake. Kipriani, aliyebaki peke yake, akawa anakula maandazi na chai ya mgahawani kama kapera. Jikoni hakuingia mtu. Makaa yakapumua siku moja, mbili, kisha yakafa.

Siku chache baadaye akaegesha kioo ukutani, akawasha tochi, akaweka jicho. Hakukuwa na kilima. Kulikuwa na shimo.

"Nikasema basi, jicho ndilo hilo limekwisha. Nikatoka nje nikakaa. Kesho yake shimo. Kesho kutwa shimo. Siku ya nne nikashikwa na baridi, nikawasha moto wa Mama Moses, nikachemsha chai yangu, nikafukia makaa kama anavyofukia yeye. Alasiri nikapima." Anakipangusa kioo kwa kiganja, pole pole. "Kilima kikarudi. Nikakaa kwenye kigoda chake. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka."

Alikuwa ametumia mwaka na ushee wa jicho lake akikata kilima ambacho hakikuwepo.

Na shimo si kama kilima. "Kilima unakipunguza," anaeleza. "Shimo huwezi kulijaza. Lazima ushushe nchi yote ilifikie." Kushusha nchi yote maana yake ni hilo pipa, na hizo hatua, na hilo bega.

Esteri aliporudi kutoka Kibondo na nguo zake za msiba, kitu cha kwanza alichokiona ni mafiga yaliyopoa. Moto alioulinda toka ujana wake ulikuwa umekufa, tena katika siku zile zile za kumzika aliyemfundisha kuulinda. Akamuuliza mumewe kwa nini ameuacha moto ufe. Kipriani akamweleza yote, la kilima, la shimo na la makaa.

"Hakunijibu," Kipriani anakumbuka. "Nikadhani amekasirika. Kesho yake asubuhi nikamkuta jikoni anang'oa mafiga."

Aliyang'oa moja baada ya jingine, akayabeba hadi uani, akayapanga chini ya mabati mawili yaliyochakaa. Tangu siku hiyo anapikia hapo. Mvua ikija na upepo, anapika amejifunika turubai. Majirani wanaongea, maana mke kuliacha jiko lake likae na baridi ni jambo zito huku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna jirani aliyewahi kujitolea kumshikia turubai.

"Sikumwomba," anasema Kipriani. "Nisingethubutu kumwomba. Nililia siku ile, sioni aibu kusema."

Esteri anaendelea kupukuchua. "Alikuwa anasumbua tu kulia mbele ya mafiga," anasema. "Nikamwambia ashike moja, linaumiza mgongo."

Saa sita mchana pipa linapumzika. Kioo kinaoshwa, kinafutwa, kinaingizwa jikoni na kuachwa kipoe hadi joto lote lililotokana na mikono na jua litoke. Zamani Kipriani hakuwa na subira hiyo. Sasa anangoja hadi saa kumi na moja jioni. Katikati ya kungoja anajilaza kwenye mkeka, Esteri anamtia matone ya dawa machoni, na wote wawili wanapumzika kama watu waliotoka shamba.

Saa kumi na moja jiko ni baridi kama kisima. Kipriani anawasha tochi, anapanga kibao, anapapasa hadi anaupata mwanga. Kisha anafanya jambo ambalo mwandishi hakulitegemea. Anasogea pembeni.

"Mama Moses," anaita. "Njoo."

Jicho lake la kushoto haliwezi tena kuvitofautisha vivuli vya kioo na vivuli vyake lenyewe. Anaweza kusaga, anaweza kupanga, hawezi kusoma. Kwa hiyo tangu majuma machache yaliyopita anayesoma ni Esteri. Mara ya kwanza alikataa, akasema kazi za wembe si zake. Mara ya pili akaja.

Anaingia akijifuta mikono kwenye kanga, anainama, anafumba jicho moja. Kipriani anazungusha boliti. Mtu akiwa mle ndani anahisi wazi kwamba miaka mitatu inasubiri mdomo wa mwanamke mmoja.

"Ingata ipo," anasema Esteri.

Mume wake anaiachia boliti.

"Lakini katikati haijakaa. Kuna kinundu. Kidogo."

"Kinundu au shimo?"

"Kinundu, Baba Moses. Mimi nimejitwika ingata toka mtoto, najua mahali pa kukaa mtungi. Hapa mtungi utacheza."

"Ego," anaitikia Kipriani kwa Kiha, taratibu. Ndiyo. Anazima tochi. Kwa sauti yake huwezi kujua kama ameumia au amepata ahueni, na pengine ni vyote viwili. Kinundu ni afadhali, anasema. Nchi imekwisha kushuka. Kilima unakipunguza.

Uani, Esteri anapuliza moto chini ya mabati. Wingu limeshaanza kujaa upande wa Burundi. Anaulizwa kama hakuwahi kushawishika kusema tu kwamba ingata imekaa. Mumewe asingeweza kuhakikisha. Angekipaka kioo fedha ya kukifanya kirudishe mwanga, angekifunga kwenye bomba, kazi ikaisha, na mafiga yakarudi ndani.

Anapuliza kwanza hadi mwali unashika.

"Nilifikiria," anajibu. "Nisikudanganye. Nimechoka na mvua, nimechoka na lile pipa. Juzi nililala nikifikiria hilo tu."

Na kwa nini hakusema?

"Angeangalia ulezi wake akaona unga," anasema Esteri. "Halafu angedhani ni jicho lake."

Kipriani yuko mlangoni mwa jiko, kioo amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Amesikia. Anakishusha juu ya meza, anakifunika kwa kitambaa safi, anaminya bega lake.

Mpango wake, anasema, ni kukimaliza kabla masika hayajakolea, kisha kukipaka fedha, ili mbingu zikisafika baada ya mvua darubini iwe imesimama hapa uani. Nta ya kuchanganya na utomvu ameshaagiza kwa warina asali wa Kibondo. Bomba liko tayari, limeegeshwa ukumbini toka mwaka jana na kuku wameshataga ndani yake.

Na jicho je, kama halitangoja?

Anamtazama mkewe akikoroga sufuria, au anatazama upande anakojua kwamba yupo.

"Likingoja, nitaangalia," anasema. "Lisipongoja, ataangalia yeye aniambie. Leo angeweza kuniambia imekaa, na hakuniambia. Basi siku atakaponiambia ni ulezi, nitajua ni ulezi."